Mashine ya Maji Imekata Dizeli: Iwashe Tena Bila Kuiua



Leo naweka pembeni mbegu na viuatilifu, tuongelee mashine. Kiangazi kimeingia, wengi wenu mnamwagilia kwa injini za dizeli, na kila mwaka kipindi kama hiki simu yangu inaita kwa jambo lile lile: "Bwana shamba, mashine ilikata mafuta, nimeshajaza tangi, lakini haitaki kuwaka." Anayepiga ameshazungusha hendeli mpaka mabega yanauma, au ameshamaliza betri. Mwingine yuko njiani kuifungua injekta pampu kuipeleka mjini.

Wenye injini za petroli hawanielewi hapa. Petroli ikiisha unajaza, unavuta kamba mara tatu nne, kabureta inajaa, mashine inanguruma, maisha yanaendelea. Dizeli haiko hivyo. Dizeli ikikauka, hewa inaingia kwenye mabomba, na hewa hiyo haitoki yenyewe kwa sababu tu umejaza tangi. Mafundi wetu wanasema mashine "imeingia upepo", na dawa yake ni "kutoa upepo". Ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye spana mbili na subira. Kwa maoni yangu, kijana anayejiita mkulima wa biashara na ana injini ya dizeli, kisha hajui kutoa upepo, ni sawa na mfugaji asiyejua kukamua.

Kwanza elewa kwa nini haiwaki

Chukua bomba la sindano, lile unalochanjia mifugo, bila sindano yenyewe. Livute maji mpaka lijae, ziba mdomo kwa kidole, sukuma. Haliendi, si ndio? Sasa limwage, livute hewa tupu, ziba tena, sukuma. Linaingia mpaka nusu, na ukiachia linarudi. Basi hicho ndicho kinachotokea ndani ya mashine yako.

Injekta pampu ina pistoni ndogo inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli. Nozeli imefungwa na springi ngumu, na haifunguki mpaka presha ifike zaidi ya mara 100 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Dizeli haibonyei, kwa hiyo pistoni ikisukuma, nguvu yote inafika kwenye nozeli, nozeli inafunguka, mafuta yanarushwa kama ukungu ndani ya silinda. Hewa ikikaa katikati inabonyea na kurudi, inabonyea na kurudi. Pistoni inafanya kazi, wewe unatoka jasho, nozeli imenyamaza. Unaweza kuzungusha hendeli mpaka jua lizame.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii. Dizeli ndiyo inayolainisha sehemu za ndani za injekta pampu. Pistoni na kijumba chake vimekaribiana mno, nafasi iliyopo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kuzungusha mashine kwa nguvu muda mrefu wakati hakuna mafuta ni kusaga chuma kwa chuma. Tena tangi linapokauka, vile vitu vya chini, yaani maji, kutu na mchanga, ndivyo vinavyovutwa mwisho. Kwa hiyo usifikiri kukata mafuta ni kupoteza muda tu.

Kilichompata dada mmoja wa vitunguu

Kiangazi kilichopita dada mmoja mwenye eka mbili za vitunguu kando ya mto alinipigia jioni. "Shikamoo bwana shamba. Samahani kwa usumbufu. Fundi anasema injekta pampu imekufa, aifungue aondoke nayo?"

Nikamuuliza mashine ilizimaje. Akasema ilikuwa inafanya kazi vizuri tangu asubuhi, ikaanza kupanda na kushuka mlio, ikazima. Kijana wake alipofungua tangi, akakuta kavu. Wakajaza lita 10, wakazungusha, wapi. Hiyo ilikuwa juzi yake.

"Mmetoa upepo?"

"Upepo gani?"

Hapo nikajua injekta pampu haina kosa. Injini iliyokuwa inavuma vizuri hadi dakika dizeli ilipoisha, kitu cha kwanza cha kushuku ni hewa, sio pampu. Nikamwambia asiruhusu mtu afungue chochote kikubwa, aweke simu sauti ya juu, ashike spana. Yule fundi alinung'unika kidogo, nadhani aliona naingilia riziki yake.

Mnajua kilichokuwa kinaniumiza? Vitunguu vile vilikuwa vinaanza kutunga. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu, na udongo wa juu ndio unaokauka kwanza. Jua la kiangazi likivuta milimita 5 kwa siku, eka moja inapoteza kama lita 20,000 za maji. Eka mbili, lita 40,000. Siku mbili bila maji, lita 80,000 hazijarudi, na zao liko kwenye hatua ambayo likikosa maji kisha likapewa mengi kwa mkupuo, linapasuka na kutoa vitunguu pacha. Hivyo mnunuzi anavitupa pembeni akipanga madaraja. Fundi angeondoka na pampu, ingerudi lini?

Tulitumia kama dakika 25 kwenye simu. Iliwaka. Sasa tufuate hatua zile zile.

Kutoa upepo kwenye injini ndogo ya silinda moja

Naongelea hizi injini za kulala zenye hendeli, zinazofungwa kwenye pampu, pawatila na mashine za kusaga, tangi likiwa juu ya injini. Hizi ndogo za kuvuta kamba nazo zinafuata utaratibu huo huo.

Iache injini ipoe kwanza. Dizeli ikirukia ekzosi ya moto inawaka, na shamba lenye nyasi kavu halihitaji mwaliko. Sigara weka mbali. Futa vumbi kwenye filta na kwenye kila nati utakayoigusa, maana chembe ya mchanga ikiingia sasa itakaa kwenye nozeli.

Jaza tangi angalau nusu. Lita moja ya kuazima haitoshi, kwa sababu hapa tunategemea mafuta yashuke yenyewe kwa uzito wake, na yakiwa kidogo hayana msukumo. Hakikisha koki iko wazi. Nimeshakuta watu watatu wamezunguka mashine, koki imefungwa. Kama filta ina kikombe cha chini, ifungulie utoe maji na uchafu. Kama filta ni ya siku nyingi, badilisha hapo hapo.

Sasa fuata njia ya mafuta kutoka tangi kwenda nozeli, bila kuruka hata kiungo kimoja. Kwanza legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta. Kama haina skrubu, legeza bolti inayoshika mpira wa mafuta pale unapotoka. Utaona mapovu, kisha dizeli yenye mapovu, kisha dizeli safi. Kaza wakati dizeli bado inatiririka. Ukisubiri ikome, hewa imerudi ndani. Halafu nenda pale mpira unapoingia kwenye injekta pampu, legeza, fanya vile vile. Kinga chini na kopo. Dizeli ikimwagika ardhini kando ya mto inaingia kwenye maji ya watu.

Hapo umetoa hewa kwenye upande wa presha ndogo. Weka leva ya mwendo mahali pa kuwashia, maana ikiwa kwenye kuzima, pampu haisukumi kitu. Nyanyua ile leva ndogo juu ya kichwa cha injini inayofanya hendeli iwe nyepesi, zungusha kama mara 15 hadi 20 huku umetega sikio. Nozeli ikianza kufanya kazi inatoa mlio wa kukwaruza, krii, krii, mara moja kila inaporusha mafuta. Wazee wa mashine za kusaga wanaujua mlio huo kuliko wimbo wowote. Ukiusikia, ongeza kasi, shusha leva, itawaka.

Usipousikia, hewa imebaki kwenye lile bomba jembamba la chuma. Legeza nati ya bomba hilo upande wa nozeli, mara nyingi ni spana namba 17 au 19. Legeza mzunguko mmoja tu, usiitoe. Mwenzako azungushe taratibu. Yatatoka mapovu, kisha dizeli itachuruzika kwa mapigo. Ikishatoka safi mara tano sita, kaza. Zungusha tena, sikiliza.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nati hiyo au mbele ya nozeli kuangalia kama mafuta yanakuja. Dizeli yenye presha ya nozeli inatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kitundu kinaonekana kama cha sindano, hakiumi sana mwanzoni, halafu mkono unaharibika. Likitokea, nenda hospitali saa ile ile na umwambie daktari ni dizeli ya presha. Usisubiri uvimbe. Kuangalia mafuta, tumia kipande cha kadibodi.

Na hendeli: dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie mkono. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inakuponyoka tu. Ukiwa umeikumbatia na dole gumba, inavunja.

Mwenye stata, piga sekunde 10, pumzisha dakika moja au mbili, piga tena. Stata inayolazimishwa dakika nzima inaungua, na hapo shida moja inakuwa mbili.

Ikiwaka itakohoa, itatoa moshi mweupe, itapanda na kushuka mlio kwa muda mfupi. Ni mabaki ya hewa. Iache ivume bila mzigo mpaka itulie.

Kitu nisichotaka kusikia mtu wangu amefanya ni kumimina petroli kwenye njia ya hewa "ili ishtuke". Petroli inalipuka ndani ya injini ya dizeli kabla ya wakati wake, inagonga pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi zinavunjika, koneksheni rodi inapinda. Dawa za kupuliza za kuwashia nazo ziache. Tatizo ni mafuta hayafiki. Kulazimisha mlipuko hakuondoi hewa kwenye bomba.

Moshi unasema

Ukizungusha na ekzosi haitoi moshi wowote, mafuta hayafiki ndani. Rudi kwenye hewa, koki, filta. Ukiona moshi mweupe unatoka lakini haishiki, mafuta yanafika ila hayaungui: injini imepoa sana, kompresha imechoka, au dizeli ina maji. Kwa huyo wa pili, kutoa upepo zaidi hakusaidii, mwite fundi kwa haki yake.

Na ile inayowaka, inavuma dakika kumi, inazima tena? Hapo hewa inaingia mahali, au mafuta yanazuiwa. Angalia washa za shaba kwenye bolti za mafuta, mpira uliopasuka kwa jua, klempu iliyolegea. Tangi likiwa juu, panapovuja kwa kawaida patalowa dizeli, utapaona. Lakini kwenye trekta lenye pampu ndogo ya kuvuta mafuta, kabla ya pampu hiyo mabomba yananyonya; ufa unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone moja. Jaribu pia kufungua mfuniko wa tangi. Ukisikia "fyuu" kama soda, kitundu cha kupumulia kimeziba kwa vumbi, tangi linajinyonga lenyewe. Zibua kwa waya, kazi imeisha.

Usisahau pampu ya maji yenyewe

Watu wanashangilia injini imewaka, wanasahau upande wa pili. Mashine iliposimama, kama ile vali ya mwisho wa mpira wa kunyonyea haikazi vizuri, maji yote yalirudi mtoni. Ukiwasha, pampu inazunguka kavu, na sili yake inaungua ndani ya muda mfupi. Kabla ya kuwasha, jaza maji kwenye pampu mpaka yafurike, funga kifuniko, ndipo uwashe. Yasipokaa, itazame vali, mara nyingi ni jani au kokoto imeizuia kufunga.

Kwa wenye trekta

Matrekta ya zamani tunayoyaona sana vijijini, kama Massey Ferguson 240, yana pampu ndogo pembeni ya injini yenye leva ya kubonyeza kwa mkono. Legeza skrubu ya filta, bonyeza leva mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha skrubu za kwenye injekta pampu, moja baada ya nyingine, huku unabonyeza. Mwisho legeza nati za nozeli, angalau mbili, piga stata mpaka dizeli itoke, kaza. Kama leva inacheza bila kusukuma kitu, usiseme pampu imekufa. Kemu ya injini imeishikilia juu. Zungusha injini kidogo kisha jaribu tena, utasikia imeshika.

Matrekta mapya yenye kompyuta na mfumo wa reli moja ya presha ni habari nyingine. Humo presha inapita mara 1,000 ya hewa. Usilegeze nati hata moja ya presha. Tumia pampu ya mkono iliyo kwenye filta au utaratibu wa swichi ulioandikwa kwenye kitabu chake, ikigoma mwite mtaalamu wa trekta hilo.

Jua mashine yako inakunywa kiasi gani

Nimeshangaa ni wangapi hawajui. Injini ya nguvu za farasi 12 ikivuta mzigo kamili inatumia kama lita 2.5 hadi 3 kwa saa. Lakini usichukue namba yangu, pima yako: jaza tangi pomoni, mwagilia saa moja kamili, zima, jaza tena kwa jagi lenye vipimo. Kiasi kilichoingia ndicho unachotumia. Andika kwa rangi kwenye tangi lenyewe. Ukijua ni lita 2 kwa saa na tangi ni lita 10, kijana wa zamu aongeze mafuta kabla ya saa ya nne kuisha, sio asubiri mlio ubadilike. Namba hiyo hiyo ndiyo utakayoiingiza kwenye hesabu ya gharama za zao, kwa hiyo unapata faida mara mbili.

Kata kijiti kikavu, kitie alama ya robo, nusu na tangi zima, kifunge kwa kamba kwenye mashine. Jioni ukimaliza, jaza tangi. Tangi tupu usiku wa baridi linatoa matone ya maji ndani, asubuhi yako chini pale dizeli inapotokea.

Dumu la akiba la lita 20 likae kivulini, liwe la dizeli peke yake. Lililowahi kubeba kiuagugu au maji ya kunywa sio dumu la dizeli. Mimina kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi au chujio laini, na zile lita za mwisho chini ya dumu ziache humo humo, zina matope. Wala usilifiche hilo dumu mwaka mzima ukisubiri dharura, dizeli nayo inazeeka. Kila miezi miwili mitatu litumie, ukajaze jipya.

Kwenye kisanduku cha mashine weka spana zinazoingia kwenye nati zako, filta moja mpya, washa za shaba za saizi yako, kipande cha mpira wa mafuta na klempu mbili. Halafu chagua siku moja ambayo shamba halina haraka, funga koki, iache mashine izime yenyewe, mfundishe kijana wako wa zamu atoe upepo ukiwa umesimama pembeni na mikono mfukoni.